Majani ya mpichi kwa minyoo ya mtoto, viini vya kokwa kwa mjomba mgonjwa

"Tunaishi Lushoto na nyuma ya nyumba tuna mipichi minne ya zamani. Mama mkwe wangu huchuma majani mabichi kiasi cha kujaza viganja viwili, huyachemsha na kumpa mwanangu wa miaka minne nusu kikombe asubuhi kabla hajala, siku tatu mfululizo. Anasema yanatoa minyoo na kulainisha choo. Miaka yote hakudhurika, ila safari hii alitapika. Majani hayohayo huyatwanga na kuyabandika kwenye majipu. Sasa mjomba wangu, ambaye hospitali imemwambia ana saratani ya tezi dume, ametumiwa ujumbe kwenye simu kwamba kiini cha kokwa ya pichi kina vitamini B17 inayoua saratani. Anatafuna viini ishirini kwa siku. Mimi mwenyewe nina mimba ya miezi mitano, choo ni kigumu, na mama mkwe ananihimiza ninywe yale maji. Nimesikia mpichi una sumu. Je, tukate miti?"

Dada, msikate miti. Matunda yake ni chakula kizuri, na hata upande wa dawa mama mkwe wako hajakosea kila kitu. Lakini mambo matatu yasimame leo hii: mtoto asipewe tena maji ya majani, mjomba aache kutafuna viini, na wewe mwenye mimba usinywe. Sababu zake nitazieleza kwa kirefu, maana najua ukirudi jikoni ukasema tu "nimeambiwa tuache," hutafika mbali. Mama mkwe atakuuliza swali la haki kabisa: mbona sisi tulikunywa tukakua?

Nianze na hilo. Dawa hii si uzushi wa mtu mmoja wala wa kijiji kimoja. Asili ya mpichi ni China, na huko kiini cha kokwa kimo kwenye dawa za jadi tangu enzi za kale, kwa wanawake ambao damu ya mwezi imekwama au inakuja na maumivu makali, na kwa wazee wenye choo kikavu. Wahispania waliuvusha mti huo hadi Florida katika karne ya 16, na Waindiani wa Marekani, Wacherokee wakiwamo, wakaupanda kwa wingi hata Wazungu waliofika baadaye wakadhani ni mti wa asili ya pale. Huko kusini mwa Marekani, weusi kwa weupe, chai ya majani ya pichi imenyweshwa watoto wenye minyoo na watu wenye kichefuchefu, na majani yaliyopondwa yamebandikwa kwenye majipu. Uingereza ya karne ya 17 nayo ilikuwa na mazoea ya kuweka majani yaliyopondwa juu ya tumbo la mtoto mwenye minyoo. Kwa hiyo mama mkwe wako anasema jambo ambalo watu waliokaa mbali sana naye wamelisema pia: minyoo, choo, majipu.

Sasa, watu wengi wakifika hapa hukata shauri haraka kwamba kitu kilichotumiwa na mataifa yote hayo hakiwezi kuwa na madhara. Mimi naona kinyume chake. Wote hao walikuwa wanaonja ukali wa kemikali moja, na kemikali hiyo ndiyo sumu uliyoisikia.

Ponda jani bichi la mpichi kati ya vidole vyako, subiri kidogo, kisha linuse. Utapata harufu tamu ya lozi, ile ya arki inayotiwa kwenye keki. Jani zima halinuki hivyo. Harufu inakuja baada ya kuliponda kwa sababu mti umeweka vitu viwili katika vyumba viwili tofauti vya jani. Chumba kimoja kina prunasini, ambayo ni sukari iliyofungamana na sumu na ikikaa yenyewe imetulia. Kingine kina kimeng'enya cha kuivunja. Mdudu akitafuna, au wewe ukiponda, kuta zinapasuka na vitu hivyo vinakutana. Prunasini inavunjika na kutoa sukari, benzaldehaidi ambayo ndiyo ile harufu ya lozi, na sayanaidi. Kwenye kiini cha kokwa kazi ni ileile, ila kemikali yenyewe huitwa amigidalini na kiasi chake ni kikubwa zaidi. Majani machanga huwa na prunasini nyingi kuliko yaliyokomaa, na ndiyo hayo laini ya nchani ambayo mtu anayechuma dawa hupenda kuchukua.

Sayanaidi ikiingia mwilini huziba mahali ambapo chembe za mwili hutumia hewa ya oksijeni. Damu inakuwa imebeba oksijeni ya kutosha, lakini chembe haziwezi kuitumia. Ndiyo maana dalili zake ni za mtu anayekosa hewa ilhali anahema: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika, kupumua kwa kasi, kuchanganyikiwa, na ikizidi ni degedege na kuzimia. Huanza ndani ya dakika chache hadi saa kadhaa.

Hapa ndipo penye jibu la "mbona tulikua." Mwili una njia yake ya kupunguza sayanaidi: huifunganisha na salfa inayotokana na protini tunazokula, kisha huitoa kwenye mkojo. Mtu mzima aliyeshiba maharage, samaki au nyama huvumilia kiasi kidogo bila kuhisi lolote. Anayeshindwa ni mwenye mwili mdogo, aliyekonda, mwenye njaa, au anayepokea dozi nyingine kabla ya ile ya kwanza kwisha. Angalia mtoto wako: miaka minne, tumbo tupu asubuhi, siku tatu mfululizo.

Wapika kisamvu mnaijua kemia hii kwa mikono, hata kama hakuna aliyewaambia jina lake. Muhogo una sumu ya ukoo huohuo. Kisamvu hutwangwa kwanza, kisha huchemshwa kwa muda mrefu sufuria likiwa wazi, na mpangilio huo una maana. Kutwanga kunakikutanisha kimeng'enya na sumu ili sayanaidi itoke, na moto unaifukuza iende na mvuke, kwani huchemka kwenye nyuzi 26 tu. Pale ambapo ukame au njaa vimewalazimu watu kula muhogo mchungu bila kuuloweka na kuukausha ipasavyo, tumeona konzo, ugonjwa wa miguu kupooza ghafla usiopona. Tarime ilipata mlipuko wake mwaka 1985.

Sasa linganisha na maji ya majani ya mpichi. Mama mkwe anatia majani mazima kwenye maji yanayotokota. Moto unaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na prunasini inayeyuka ikiwa nzima ndani ya maji. Kikombe hakinuki sana, kwa hiyo kinaonekana salama. Lakini bakteria wa utumbo wa mtoto wana uwezo wa kuivunja prunasini hiyo wenyewe, polepole, tumboni. Siku akichuma majani yaliyokomaa, kikombe kina kidogo. Siku akichuma machipukizi baada ya mvua, kikombe kina zaidi. Kipimo ni viganja viwili vilevile. Siwezi kukuapia kwamba kutapika kwa mwanao safari hii kumetokana na hayo, maana mtoto wa miaka minne hutapika kwa sababu mia. Ila kunatosha kuwa onyo.

Na minyoo je? Dawa yake ipo, ni rahisi, na imepimwa. Mtoto wa zaidi ya miaka miwili humeza au hutafuna albendazole miligramu 400 mara moja tu, na wa kati ya mwaka mmoja na miwili hupewa nusu yake. Ipo zahanati na kwenye duka la dawa muhimu, na kila Juni na Desemba, kwenye mwezi wa afya na lishe ya mtoto, hutolewa bure pamoja na matone ya vitamini A. Mama mkwe akiona minyoo imetoka kwenye choo baada ya majani yake, huenda ni kweli imetoka, kwani chochote kinachosukuma utumbo kwa nguvu hutoa baadhi. Iliyobaki inaendelea kutaga mayai. Usingoje dawa ya aina yoyote ikiwa tumbo la mtoto limevimba na ni gumu, hajapata choo wala hajajamba huku anatapika, au anatapika minyoo. Hapo utumbo unaweza kuwa umeziba, na mtoto anatakiwa hospitali ya wilaya siku hiyohiyo. Akipauka viganja na ndani ya kope apimwe damu, maana minyoo ya safura hunyonya damu kimyakimya.

Kuhusu wewe na mimba yako, wazoefu wenyewe wa dawa hii wameshakujibu. Waganga wa jadi wa China, ambao wanaamini kiini cha pichi kuliko mtu yeyote, wanakikataza kwa mjamzito kwa sababu wanakitumia kusukuma damu ya mwezi. Majani nayo usiyajaribu. Choo chako kigumu huenda kina sababu iliyo mezani kwako: vidonge vya madini ya chuma mnavyopewa kliniki hufunga choo. Usiviache, unavihitaji. Kula pichi lenyewe, lililoiva, pamoja na ganda lake. Lina nyuzinyuzi na kiasi kidogo cha sorbito, aina ya sukari inayovuta maji utumboni. Plamu zenu za Lushoto zinalo zaidi, hasa zikikaushwa. Ongeza maji ya kunywa, na uitaje shida hiyo kliniki, kwani zipo dawa za kulainisha choo zinazofaa kwa mjamzito. Ukiona damu au tumbo likikukaza, hilo si suala la choo tena, nenda.

Majipu sina ugomvi nayo sana. Majani yaliyopondwa yakibandikwa juu ya jipu dogo ambalo halijapasuka, sayanaidi nyingi hupotea hewani na kinachopenya ngozi nzima ni kidogo. Ila nadhani kinachosaidia hasa ni uvuguvugu na unyevu wake, na kitambaa safi kilichochovywa kwenye maji ya moto ya kuvumilika hufanya kazi hiyohiyo, dakika kumi mara tatu au nne kwa siku. Mama mkwe akitaka kuendelea, ayaoshe majani kwanza, asibandike kwenye kidonda kilicho wazi wala mahali palipoungua, na asimbandike mtoto mchanga. Jipu la usoni karibu na pua, jipu lenye homa, au majipu yanayorudi kila mara hayahitaji majani ya mti wowote. Yanahitaji mtu wa kuyatazama, na mtu mzima apimwe sukari.

Mjomba ndiye anayenitia wasiwasi mkubwa.

Hakuna vitamini B17. Jina hilo lilibuniwa na wauzaji huko Marekani ili amigidalini, na ndugu yake wa maabara aitwaye laetrile, zionekane kama lishe. Vitamini ni kitu ambacho mwili ukikikosa unaugua, na hakuna mtu aliyewahi kuugua kwa kukosa amigidalini. Hoja yao ilikuwa kwamba chembe za saratani zitaivunja na kujiua kwa sayanaidi, huku chembe nzima zikipona. Wazo hilo lilijaribiwa kwa haki. Mwaka 1982 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 178 wa saratani waliopewa amigidalini pamoja na mlo na vitamini zilizopendekezwa na watetezi wake wenyewe. Haikuwaponya, haikuzuia saratani kukua, haikurefusha maisha. Baadhi yao walipimwa damu ikakutwa na sayanaidi inayokaribia kiwango cha hatari.

Tupige hesabu ya viini vyake. Kiini kimoja kikavu kina uzito wa karibu nusu gramu, kwa hiyo ishirini ni gramu 10. Amigidalini hutofautiana sana kutoka mti hadi mti, lakini asilimia 2 si kitu cha ajabu kwenye kiini kichungu. Hiyo ni miligramu 200. Gramu 1 ya amigidalini ikivunjika yote hutoa miligramu 59 za sayanaidi, kwa hiyo mjomba anaweza kuwa anapata karibu miligramu 12 kwa siku. Mwaka 2016 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, ikichunguza viini vya aprikoti ambavyo vina sumu hiyohiyo, iliweka kikomo cha mikrogramu 20 (yaani miligramu 0.02) kwa kila kilo ya uzito, kwa mlo au siku moja. Kwa mwanamume wa kilo 60 hiyo ni miligramu 1.2. Mjomba anaweza kuwa mara kumi juu yake. Kifo kimeripotiwa kuanzia nusu miligramu kwa kilo, yaani miligramu 30 kwa mtu huyo. Akipata viini vya mti mchungu zaidi, au akiamua kuongeza dozi kwa kuwa hajaona nafuu, nafasi iliyobaki ni ndogo.

Atakwambia Wachina wanatumia gramu 5 hadi 10. Ni kweli, na ni hoja nzuri. Lakini wao huvitia viini kwenye maji ya moto kwanza, huvimenya ngozi, huvipima kwenye mizani, huvichemsha na dawa nyingine kisha hunywa maji, kwa siku chache, chini ya macho ya mtu. Ule moto wa kwanza umeshaua kimeng'enya. Mjomba anatafuna vibichi, na kila anapotafuna anavikutanisha mwenyewe vile vitu viwili kinywani. Muulize pia kama anameza vitamini C kwa wingi, kwani watetezi wa B17 hupenda kuziambatanisha, nazo huongeza kasi ya amigidalini kuachia sayanaidi mwilini na hupunguza ile akiba ya salfa niliyoitaja.

Akiacha leo, sayanaidi iliyobaki itatoka yenyewe. Lakini akiwa na kichwa kinachouma baada ya kutafuna, kizunguzungu, moyo kwenda mbio au ganzi miguuni, apelekwe hospitali akiwa na viini vyenyewe mfukoni, na mseme waziwazi neno "sayanaidi." Wahudumu wengi hawatalifikiria wasipoambiwa, na dawa za kuipooza hazipo kila hospitali, kwa hiyo taarifa ya mapema inawapa muda wa kupiga simu. Msimtapishe nyumbani.

Huenda kuna mkanganyiko nyuma ya habari hii. Mpichi una ndugu wa Kiafrika, ule mti mkubwa wa misitu ya milimani ambao Wakikuyu huuita muiri. Magamba yake yamesafirishwa Ulaya tangu miaka ya 1970 kutengenezwa dawa ya tezi dume, hata ikabidi mwaka 1995 biashara yake iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa kwa kuwa miti ilikuwa inachunwa hadi kufa. Dawa ile ina ushahidi wa kiasi fulani, lakini ni kwa tezi iliyovimba bila saratani: kupunguza safari za chooni usiku na kukojoa kwa taabu. Saratani haiigusi. Mjomba wako anazo njia za kweli za matibabu, na saratani ya tezi dume ni miongoni mwa zile ambazo mtu anaweza kuishi nazo miaka mingi akifuatiliwa. Aulize hospitali aliyopimwa kuhusu rufaa ya hospitali ya KCMC Moshi au taasisi ya saratani ya Ocean Road Dar es Salaam. Mkojo ukiziba kabisa, au miguu ikilegea pamoja na maumivu ya mgongo, asingoje tarehe ya kliniki. Na ikiwa anachokimbia ni gharama au woga wa upasuaji, zungumzeni hicho. Mara nyingi viini huliwa na mtu ambaye hakuna aliyekaa naye akamweleza maana ya karatasi aliyopewa.

Kokwa zenyewe msizitupe. Ganda lake ni gumu na hutoa kaa zuri sana. Mwaka 1918, vita ya kwanza ya dunia ikiendelea, Wamarekani waliombwa wakusanye kokwa za pichi, na takriban 200 zilitosha kutengeneza mkaa wa barakoa moja ya kumkinga askari na gesi ya sumu. Kwenu zitatosha kuchangamsha jiko. Ziwekeni tu mahali ambapo watoto hawatazipasua kwa jiwe wale kiini, kama watoto wanavyopenda. Majani yakichemshwa na shabu hupaka uzi rangi ya manjano, na matawi yaliyokauka ni kuni nzuri. Huko Lesotho, nchi ya milima isiyo na misitu mingi, mipichi imezunguka nyumba na hutumika kama kuni kwa kawaida kabisa.

Neno la mwisho ni kuhusu mbuzi, kwa kuwa wenye mipichi mara nyingi wana mbuzi pia. Mkipogoa, msiwarushie matawi. Jani linaponyauka kuta zake zinapasuka na sumu inakuwa tayari, na tumbo la mnyama anayecheua lina bakteria wengi wanaomalizia kazi haraka kuliko letu. Yafukieni au yaanikeni mbali na zizi mpaka yakauke kabisa. Mbuzi akihema kwa kasi na kuyumba baada ya kula majani hayo, mwiteni afisa mifugo saa ileile, na msimkimbize wala kumlazimisha kutembea.